Maswali ya Wasomaji: Vespa Iliyowaka Unguja na Kugoma Pemba

SWALI: Assalaamu alaykum, fundi wetu wa safu hii. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Wete. Hivi karibuni nimenunua vespa PX 150 ya zamani, ile ya moto wa elektroniki, kwa mzee mmoja wa Mwanakwerekwe. Nilipofika kwake nilimkuta ameshaitoa uani. Akaipiga kiki moja tu ikawaka, nami nikalipa. Melini ilisafiri ikiwa imelazwa ubavu kwa sababu ya ufinyu wa nafasi, na tangu iteremshwe Mkoani haijawaka vizuri hata siku moja. Asubuhi naipiga kiki mpaka goti linauma. Vijana wakinisukuma kwenye mteremko huwaka kwa moshi mzito wa buluu, ikaenda masafa mafupi, kisha ikazima pale ninapopunguza mafuta. Nikisahau kufunga petroli usiku, ukumbi mzima hunuka asubuhi. Fundi wa hapa mtaani ameshabadilisha plagi, na sasa ananitaka ninunue koili, kisanduku cha moto na kabureta nzima. Je, nianze na kipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwalimu. Usinunue hata kimoja kabla ya kupata jibu la swali ambalo barua yako haikuligusa: plagi ikifunguliwa baada ya kiki nane au kumi, inatoka imerowa petroli au inatoka kavu? Injini ya petroli, iwe ya mwaka huu au ya miaka arubaini nyuma, inadai mambo matatu ili iwake, nayo ni petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Plagi kavu inaonesha kwamba petroli haifiki. Plagi iliyorowa inaonesha kwamba petroli imefika lakini haikuungua, ama kwa kukosa cheche, au kwa sababu petroli yenyewe imezidi mno. Uchunguzi huo haugharimu kitu, na bila ya kuufanya, mimi na fundi wako sote tunabahatisha.

Kwamba yeye anabahatisha kunadhihirika kwa jambo moja. Katika PX ya moto wa elektroniki, koili na kisanduku cha moto si vitu viwili. Vimo pamoja katika kisanduku kimoja kilichofungwa kwenye injini, na waya mnene wa plagi hutokea humo humo. Anayekuagiza ununue koili na kisanduku huenda ana chombo chengine kichwani mwake, na pesa zitakazotoka ni zako.

Nitakueleza namna ninavyoisoma barua yako. Mzee alikuwa ameshaitoa uani ulipofika, na sina sababu ya kumdhania ubaya, lakini injini iliyowashwa nusu saa kabla ya mnunuzi kufika huwaka kwa kiki moja hata ikiwa na maradhi mengi, kwa kuwa joto lililobaki huigeuza petroli kuwa mvuke kwa wepesi na kuyaficha madhaifu ya kabureta. Msomaji mwengine anayekusudia kununua chombo cha zamani aweke mkono wake juu ya injini kabla ya kusema neno la bei. Akiikuta ina vuguvugu, aombe kurudi kesho yake asubuhi, na aombe asiwashiwe mpaka afike.

Kisha ikaja safari ya melini. Vespa ikilazwa ubavu, petroli ya kabureta humwagika inapopata njia, na ikiwa bomba la tangi halikufungwa barabara petroli huendelea kuteremka kwa uzito wake, nyengine ikanywewa na chujio la hewa na nyengine ikaingia tumboni mwa injini. Kubwa kuliko hilo ni mashapo. Tangi la miaka mingi lina kutu na uchafu uliotulia chini kwa utulivu wa muda mrefu. Ukilipindua na kulitikisa njia nzima, uchafu huo huamka na kuelekea mahali pamoja tu, yaani kabureta. Chembe moja ikikaa chini ya sindano ya boya, ile inayozuia petroli isizidi ndani ya kabureta, sindano haifungi tena. Ndiyo maana ukumbi wako hunuka asubuhi. Chembe nyengine ikiziba jeti ndogo, ile inayohudumia injini wakati mkono wa mafuta umefungwa, chombo huwaka kwa kusukumwa na kuzima unapopunguza mafuta. Dalili zako zote mbili zina maelezo ndani ya kabureta hiyo hiyo uliyonayo, na sioni sababu ya kununua nyengine.

Kwa hivyo kazi ya mwanzo ni kuikausha injini. Funga petroli, fungua plagi, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, choki iwe imerudishwa, kisha piga kiki mara kadhaa mpaka ule ukungu wa petroli unaotoka kwenye tundu la plagi umalizike. Usifanye hivyo mbele ya sigara wala jiko, na kabla ya kuanza uchomeke waya wa plagi kwenye plagi yenyewe na uifunge au uiegemeze imara kwenye chuma cha injini, mbali na tundu, ili cheche isije ikakutana na ukungu huo. Ipo sababu ya pili ya kufanya hivyo: moto wa elektroniki ukipigiwa kiki huku waya wa plagi unaning'inia hewani, umeme hukosa pa kutokea na unaweza kukiua kisanduku kilichokuwa kizima. Visanduku vingi vilivyobadilishwa viliuliwa na majaribio ya namna hii.

Ukimaliza kuikausha, shughulikia tangi kabla ya kabureta, kwani kuisafisha kabureta na kuirudishia petroli yenye kutu ni kujitafutia kazi ya wiki ijayo. Mwaga petroli yote katika chombo cheupe na uitazame. Petroli iliyolala miezi mingi hupoteza sehemu yake nyepesi inayowaka kwa urahisi, hugeuka rangi kuwa ya manjano iliyokoza au hudhurungi, na hunuka kama vanishi. Hiyo haifai kuchanganywa na mpya ili iishe, ifae au isifae. Tangi likiwa na kutu ndani, lishushe, ondoa bomba lake na uzibe tundu, litie siki ya kupikia ijae, uliache usiku mmoja au miwili, kisha litikise pamoja na kipande cha mnyororo au kokoto ngumu zilizohesabiwa, ili zile ulizotia ndizo utakazotoa. Lisuuze kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuiua asidi ya siki, likaushe juani, na ulipake oili ndani siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kilichosafishwa hushika kutu kwa haraka katika hewa yetu ya bahari. Tazama pia kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa kwenye mfuniko wa tangi: kikiziba, petroli haiwezi kushuka, na chombo kitakwenda maili moja au mbili kisha kitazima kama kilichonyongwa.

Mpira wa petroli ubadilishwe bila ya kufikiri mara mbili. Urefu wake una maana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa mrefu, tangi linaporudishwa mahali pake mpira hujikunja chini yake na petroli hupita kwa shida. Ukiwa mfupi, huchomoka au hukazana. Ukishaufunga upande wa tangi, achia petroli imwagike ndani ya chupa: inatakiwa iteremke mfululizo, si kwa matone.

Sasa ifungue kabureta. Pale petroli inapoingilia pana kichujio kidogo cha wavu ambacho mafundi wengi hawakifungui kabisa, na mara nyingi ndicho kilichoziba. Toa sindano ya boya uitazame ncha yake. Ikiwa imefanya kidonda cha mviringo, badilisha sindano hiyo peke yake. Boya lenyewe litikise karibu na sikio, usikie kama limeingiliwa na petroli. Jeti zote zitolewe, zilowekwe na zipulizwe kwa pampu, wala zisichokonolewe kwa waya wa chuma, maana tundu la jeti limetobolewa kwa kipimo cha sehemu za milimita, na ukilipanua kidogo tu utakuwa umebadilisha mchanganyiko wa injini moja kwa moja. Unywele wa brashi ya nailoni unatosha kwa uchafu uliokaidi. Unaporudisha kabureta mahali pake, kaza skurubu zake kwa zamu na kwa kiasi, kwa sababu zikikazwa kwa nguvu nyingi mwili wake hupinda na kuanza kuvuta hewa pembeni.

Suala la oili linahusu moshi wako wa buluu. PX 150 hutaka oili ya mipigo miwili kwa asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Vespa zilizotangulia sana zilitaka zaidi ya hapo, na wazee waliozizoea bado hutia kwa mazoea yale, wengine kwa kukadiria na kifuniko cha chupa. Oili ikizidi, plagi huchafuka na eksozi hujaa masizi, mpaka injini ikakosa pa kutolea pumzi. Iwapo chombo chako kina tangi la pembeni la oili na pampu yake, hakikisha kwamba hakuna anayetia oili ndani ya petroli tena juu ya ile ya pampu. Iwapo hakina, ichanganye nje ya tangi, katika dumu, uitikise ndipo uimimine.

Plagi mpya uliyotiliwa nina shaka nayo. Kichwa cha silinda cha PX 150 kinachukua plagi ya uzi mfupi, kwa mfano NGK B7HS, ilhali vespa ya 200 huchukua ya uzi mrefu. Ya uzi mrefu huingia vyema kwenye tundu la kichwa cha 150, hukaza vyema, na ncha yake huchomoza ndani ya chumba cha moto, ambamo pistoni inaweza kuigonga. Ilinganishe na ile ya zamani kama hujaitupa. Nafasi baina ya ncha zake iwe takriban milimita 0.6.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na plagi inatoka imerowa bila ya kuwaka, ndipo tunapohamia kwenye moto. Ingia mahali penye kivuli, egemeza plagi kwenye chuma kama nilivyoeleza, piga kiki. Cheche nzuri ni ya buluu na unaisikia. Ya manjano iliyo dhaifu, au inayoruka mara moja na kukosa mara mbili, haitoshi, kwani kuruka hewani ni rahisi kuliko kuruka ndani ya silinda yenye mgandamizo. Kabla ya kulaumu kitu, chomoa kwenye kisanduku ule waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Kazi ya waya huo ni kuizima injini kwa kuupeleka umeme kwenye bodi, na swichi iliyooza au waya uliochubuka chini ya sakafu ya vespa huizima injini saa zote bila ya mtu kujua. Ukiuchomoa na cheche ikarudi, umeokoa bei ya kisanduku. Safisha na vichwa vya waya vyote kwenye kisanduku, ikiwemo sehemu ambayo kisanduku kinagusana na injini. Pemba kama Unguja, kijani cha shaba iliyoliwa na chumvi hukaa hapo na kuzuia umeme.

Cheche isiporudi, tafuta mwenye mita ya umeme. Waya tatu zinazotoka kwenye magineti, lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa injini, ni kijani, nyekundu na nyeupe. Baina ya kijani na nyeupe mita isome karibu na omu 500, na baina ya nyekundu na nyeupe karibu na omu 110. Ikisoma mbali na hapo, au ikiwa namba inarukaruka unapozitikisa waya, ugonjwa uko nyuma ya magineti wala si kwenye kisanduku. Hili ndilo ambalo ningelitilia mashaka zaidi katika PX ya umri wa yako. Mpira uliovishwa waya zile haukuhimili joto na oili kwa miaka yote hiyo: unakauka, unapasuka, mwisho unamomonyoka kabisa na kuziacha shaba tupu zikigusana. Nyakati nyengine zinagusana injini ikitetemeka tu, na ikisimama hupima sawa, jambo ambalo limewachosha mafundi wengi kwa kuwapa majibu mawili kwa swali moja. Ufunguzi wake unahitaji kifaa maalumu cha kuivutia magineti, na asije mtu akaitoa kwa nyundo na patasi. Kabla ya kulitoa bamba la ndani, likwaruze alama pamoja na mwili wa injini ili lirudi pale pale, kwa kuwa kulizungusha kidogo ni kubadilisha wakati wa cheche. Waya mpya zinazohimili joto zikilehemiwa vizuri, mambo yamekwisha, na vilivyobaki vyote huwa ni vile vile vya zamani.

Limebaki la mgandamizo na sili, yaani zile pete za mpira zinazozuia oili na hewa zisipite, ambalo nimeliweka nyuma kwa makusudi, kwa kuwa linafungua injini na watu hupenda kuanzia hapo. Iwapo moshi mzito unaendelea hata baada ya kuchanganya oili kwa kipimo, fungua skurubu ya kiwango cha oili ya gia. Gia za vespa hii huchukua mililita 250 za oili ya SAE 30. Ukiikuta imepungua bila ya kuvuja chini, injini inainywa kupitia sili ya upande wa klachi. Ukiikuta imezidi na inanuka petroli, mambo yamekwenda kinyume chake, na baada ya safari ya ubavu silishangai hilo. Ibadilishe kwanza, kisha itazame tena baada ya siku chache kabla ya kuamua kuvunja injini. Sili ya upande wa magineti ikiharibika, injini huvuta hewa ya ziada: dalili yake ni kuwa ukiachia mkono wa mafuta injini haishuki, inaendelea kupiga kelele juu juu. Chombo cha namna hiyo usikipande, kwani hukauka na kukwama pistoni njiani.

Na siku itakapokuwa tayari, iwashe kwa utaratibu wake. Choki ya kabureta hii haizibi hewa kwa kifuniko. Ni njia ya pembeni ya petroli inayofanya kazi kwa mfyonzo wa injini, na mfyonzo huo unapatikana mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Fungua petroli, vuta choki, usiguse mkono wa mafuta, piga kiki. Ikishika, ndipo umpe mafuta kidogo kidogo, na choki irudishwe mapema. Usiku funga petroli, hata baada ya sindano kupona.

SWALI: Mimi ni mama wa makamo, mkaazi wa Bububu. Nimemnunulia mume wangu BSA Bantam D7, kwa kuwa ujanani alikuwa na mfano wake na hakuwahi kuisahau. Asubuhi inawaka kwa kiki ya pili. Tunakwenda nayo hadi Darajani vizuri kabisa, lakini tukiizima na kutaka kurudi inakataa, mpaka ikae saa nzima ipoe. Mume wangu anasema ndiyo tabia yake. Ni kweli?

JIBU: Hapana, bibi, si tabia yake, na mwambie bwana kwa heshima. Bantam ilitoka mwaka 1948 kwa mchoro wa DKW RT 125 ya Ujerumani, ambao Waingereza waliuchukua kama fidia ya vita, na D7 yenye injini ya sentimita za ujazo 174 (cc) ikafuata mwaka 1959. Ni mashine nyepesi ya mipigo miwili iliyobebeshwa posta na kazi za kutwa nchi nyingi. Isingelifaa kwa kazi hizo ingelikuwa inahitaji kupoa saa nzima kila kituo.

Inayowaka ikiwa baridi na kukataa ikiwa moto, petroli yake huwa haina kosa kubwa. Joto linafichua udhaifu wa umeme. Wa kwanza kushukiwa ni kondensa. Ni kikopo kidogo kinachosaidiana na pointi, zile ncha mbili za chuma zinazofunga na kuachana ili kutoa cheche, na kikizeeka hushika kazi kikiwa baridi na kuacha kikipata joto. Fungua kifuniko cha magineti injini ikiwa katika hali hiyo hiyo ya kukataa, ndani ya kivuli, na mtu mwengine apige kiki: cheche kubwa za buluu zikionekana zinaruka kwenye pointi zenyewe, na nyuso za pointi zimeungua na kufanya vishimo, kondensa imekwisha. Wa pili ni koili, ambayo waya zake nyembamba hutanuka kwa joto na kuachana au kugusana ndani. Kondensa ni rahisi kuliko koili, basi anza nayo. Usiridhike na iliyokaa rafuni tangu zama za karatasi zake kugeuka manjano, kwa kuwa kondensa huzeeka hata bila ya kutumika; mafundi wa kuaminika hufunga kondensa ya kisasa yenye kipimo sawa mahali penye ubaridi kidogo, nje ya joto la magineti.

Pointi zisuguliwe kwa tupa laini, zifutwe kwa kitambaa kisicho na oili, na zipimwe kwa jani la chuma la milimita 0.38 zikiwa zimefunguka kikomo. Kabla ya yote hayo, kwa dakika moja tu, mwambie bwana afungue mfuniko wa tangi siku itakapogoma, asikilize kama inavuta pumzi. Ikivuta kisha ikawaka, basi mmesalimika na mlichotakiwa kukifanya ni kuzibua kitundu cha mfuniko. Kuhusu oili, Bantam inataka nyingi kuliko PX ya mwalimu hapo juu. Mimi hutia mililita 40 kwa lita, kwa oili za siku hizi.

SWALI: Nipo Makunduchi. Honda CG 125 niliyoinunua, ya pointi na umeme wa volti 6, kiki yake inarudi kwa nguvu na imeshanipiga kifundo cha mguu mara mbili. Ikiwaka inakwenda vizuri. Niipige kiki kwa nguvu zaidi?

JIBU: Acha kuipiga kabisa mpaka wakati wa cheche upimwe. Kiki inayorudi maana yake cheche inatoka mapema mno, petroli inaungua pistoni ikiwa bado inapanda, na kinachorudi mguuni ni nguvu ya mlipuko huo. Kosa la kawaida ni pointi zilizofunguliwa kupita kipimo na mtu aliyezisafisha kisha akazirudisha kwa macho: kadiri nafasi inavyokuwa kubwa, ndivyo pointi zinavyoachana mapema, na cheche nayo ikatangulia. CG zilizotoka kuanzia mwaka 1976 zikiwa na pointi zinataka nafasi ya baina ya milimita 0.3 na 0.4. Zipime, kisha utazame kama alama ya wakati kwenye magineti inalingana na alama ya mwili wa injini pale pointi zinapoanza kuachana. Nafasi ikiwa sawa na alama zikatofautiana, bamba la pointi limezungushwa au ufunguo mdogo wa magineti, kile kipande cha chuma kinachoishika mahali pake, umekatika, na hapo mpelekee fundi. Madhali ni injini ya mipigo minne, mwambie atazame na tapeti pia, yaani nafasi za vali, injini ikiwa baridi. Vaa kiatu kigumu.

SWALI: Kutoka Konde: je, ni sahihi kutia petroli kidogo kwenye tundu la plagi ili chombo kilicholala kiwake?

JIBU: Ni sahihi kwa uchunguzi, si kwa mazoea. Tia kiasi cha kijiko kidogo, rudisha plagi, piga kiki. Ikiwaka kwa sekunde chache na kuzima, umeshajua kuwa cheche na mgandamizo vipo na kwamba kasoro iko baina ya tangi na silinda. Isipotoa hata mshindo mmoja, usirudie, rudi kwenye plagi uitafute cheche. Kwa injini ya mipigo miwili petroli hiyo iwe imechanganywa na oili kama ile ya tangini, kwa kuwa petroli tupu huosha oili kwenye ukuta wa silinda, na injini iliyolala muda mrefu haina akiba ya oili ya kuoshwa.